Kupungua kwa uwezo wa kuona karibu baada ya tiba ya leza ya retina

Kupungua kwa uwezo wa kuona karibu baada ya tiba ya leza ya retina ni hali ambayo jicho lililotibiwa kwa leza hushindwa, kwa muda au kwa kudumu, kujirekebisha ili kuona vizuri vitu vilivyo karibu, k.mf. maandishi ya kitabu, skrini ya simu au tundu la sindano. Uwezo wa kuona mbali kwa kawaida haubadiliki kwa sababu hiyo. Hali hii hutokea hasa baada ya leza ya panretina, yaani tiba ambayo mamia ya michomo midogo hutawanywa katika sehemu za pembeni za retina, na ambayo hutumika zaidi kwa watu wenye retinopathi ya kisukari.

Chanzo chake si kuharibika kwa lenzi ya jicho, wala kwa sehemu ya retina inayotumika kusomea. Chanzo ni joto la leza kuzifikia neva nyembamba zinazopita nyuma ya retina kuelekea kwenye musuli unaobadilisha umbo la lenzi. Mara nyingi hali hii ni nyepesi, hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa, na miwani ya kusomea hutosha kuisaidia. Hata hivyo ni muhimu ijulikane. Mgonjwa asiyeelezwa mapema anaweza kudhani kwamba leza imemharibu jicho, akaacha awamu za tiba zilizobaki, na mwishowe akapofuka kwa ugonjwa ambao leza ingeuzuia.

## Jinsi jicho linavyoona karibu

Jicho linapotazama mbali, lenzi yake huwa bapa kiasi. Linapotazama karibu, lenzi hubinuka zaidi ili miale ya mwanga ikutane juu ya retina. Kitendo hiki kitaalamu huitwa akomodesheni. Maelezo yake ya msingi yalitolewa na mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1855, na hadi leo ndiyo yanayofundishwa.

Lenzi imeshikiliwa pande zote na nyuzi nyembamba zilizofungwa kwenye musuli wa mviringo uitwao musuli wa siliari. Musuli huo ukijikaza, mviringo wake hupungua, nyuzi hulegea, na lenzi hubinuka kwa unyumbufu wake yenyewe. Musuli ukilegea, nyuzi huvutwa na lenzi hurudi kuwa bapa.

Amri ya kujikaza hutoka kwenye ubongo kupitia neva ya tatu ya kichwa. Nyuma ya jicho, nyuzi za neva hiyo huingia katika fundo dogo liitwalo ganglioni ya siliari. Kutoka hapo neva kadhaa fupi hutoboa sklera (ganda jeupe la jicho) karibu na neva ya macho, kisha husafiri kwenda mbele katika nafasi nyembamba iliyo kati ya sklera na koroidi. Nyuzi nyingi mno kati ya hizo huenda kwenye musuli wa siliari. Chache tu huenda kwenye musuli unaobana mboni. Kwa hiyo uwezo wa kuona karibu na ukubwa wa mboni hutegemea njia moja.

Nguvu ya akomodesheni hupimwa kwa diopta. Kusoma kwa umbali wa sentimita 40 kunahitaji diopta 2.5, na kwa sentimita 33 kunahitaji diopta 3. Nguvu hiyo hupungua kwa umri hata kwa mtu mwenye afya. Kwa kanuni inayojulikana kwa jina la Hofstetter, wastani wake ni kama ifuatavyo:

- umri wa miaka 20: diopta 12.5
- umri wa miaka 30: diopta 9.5
- umri wa miaka 40: diopta 6.5
- umri wa miaka 50: diopta 3.5

Mtu hawezi kutumia nguvu yake yote kwa muda mrefu bila kuchoka. Ndiyo maana watu wengi huanza kuhitaji miwani ya kusomea wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 45. Hali hiyo ya umri huitwa presibiopia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mzee" na "jicho".

## Tiba ya leza ya retina

### Historia

Wazo la kutibu retina kwa mwanga lilianza Ujerumani katika miaka ya 1940. Daktari Gerd Meyer-Schwickerath aliona jinsi watu waliotazama kupatwa kwa jua walivyopata kovu dogo kwenye retina, akafikiri kwamba kovu kama hilo lingeweza kutumiwa kwa faida. Kwanza alitumia mwanga wa jua wenyewe, baadaye taa ya zenoni. Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960, na mwishoni mwa muongo huo leza ya argoni ilianza kutumiwa kutibu macho ya watu.

Katika miaka ya 1970 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu retinopathi ya kisukari, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,700, ulilinganisha macho yaliyotibiwa na yasiyotibiwa. Matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1976 yalionyesha kwamba tiba hiyo hupunguza hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa nusu au zaidi. Tangu hapo leza ya panretina imekuwa tiba ya kawaida duniani.

Taarifa za wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuona karibu na kupanuka mboni baada ya leza ya argoni zilianza kuonekana katika majarida ya tiba ya macho muda mfupi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980.

### Namna inavyofanya kazi

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ya retina. Sehemu zinazokosa oksijeni hutoa kemikali zinazochochea kuota kwa mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu: huvuja damu ndani ya jicho, na makovu yake yanaweza kuivuta retina mpaka ibanduke.

Leza huchoma kwa makusudi baadhi ya sehemu za pembeni za retina. Sehemu zilizochomwa hazihitaji tena oksijeni nyingi, kemikali zile hupungua, na mishipa mipya hunyauka. Sehemu ya katikati iitwayo makula, ambayo hutumika kusoma na kutambua nyuso, haiguswi. Kwa utaratibu wa zamani jicho moja hupata michomo 1,200 hadi 1,600, kila mmoja wenye upana wa nusu milimita na kudumu kwa sekunde 0.1, mara nyingi katika awamu 2 au zaidi.

## Sababu

Mwanga wa leza hupita katika retina yenyewe bila kuacha joto kubwa. Hunyonywa zaidi na rangi nyeusi ya melanini iliyomo katika tabaka la chini ya retina na katika koroidi, na hapo ndipo hugeuka kuwa joto. Koroidi ni nyembamba: nyuma ya makula unene wake ni kama robo ya milimita, na pembeni ni mdogo zaidi. Neva za siliari hupita upande wa pili wa tabaka hilo. Joto likisambaa kupita kiasi huweza kuzifikia, likazidhoofisha au likakata nyuzi zake.

Mambo yanayoongeza uwezekano huo ni pamoja na:

- kutumia nguvu kubwa au muda mrefu kwa kila mchomo
- michomo mingi sana katika awamu moja, au michomo inayopandana
- leza yenye miale mirefu ya mawimbi, k.mf. ile ya infraredi, ambayo hupenya ndani zaidi ya koroidi
- kurudia tiba katika jicho ambalo limekwisha kuchomwa sana.

Kuna pia neva mbili ndefu za siliari, moja kila upande wa jicho, zinazopita kwenye mstari wa mlalo, mahali ambapo kwenye uso wa saa pangekuwa saa 9 na saa 3 kwa hesabu ya nambari za saa. Neva hizi hubeba hisia. Ndiyo sababu wagonjwa wengi huhisi maumivu makali zaidi leza inapopita maeneo hayo. Maumivu hayo ni ishara kwa daktari kwamba joto limefika karibu na neva.

Nyuzi zilizokufa zinaweza kuota upya, lakini si lazima zirudi zilikotoka. Baadhi ya zile za musuli wa siliari huweza kuishia kwenye musuli wa mboni. Hapo mboni hujibana polepole mtu anapotazama karibu, lakini haijibani vizuri inapomulikwa kwa tochi.

## Dalili

Dalili kuu ni ukungu wa vitu vya karibu huku vya mbali vikionekana kama zamani. Mgonjwa husogeza kitabu au simu mbali na uso ili asome. Wengine husema maandishi huonekana kwa dakika chache kisha hufifia, au huumwa kichwa juu ya nyusi baada ya kusoma. Kwa baadhi yao picha huchelewa kutulia wanapohamisha macho kutoka karibu kwenda mbali.

Dalili zinazoweza kuandamana nazo ni:

- mboni iliyopanuka kuliko ya jicho la pili, au isiyo ya mviringo kamili
- kuumizwa na mwanga mkali wa jua au wa taa za magari
- tofauti ya uoni wa karibu kati ya jicho la kulia na la kushoto.

Ikiwa jicho moja tu limetibiwa, mgonjwa huweza asitambue tatizo, kwa kuwa jicho la pili humsomea. Hulitambua pale jicho la pili nalo linapotibiwa, akadhani kwamba awamu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosewa.

## Wanaoathirika zaidi

Ukubwa wa tatizo kwa mtu hutegemea alikuwa na nguvu kiasi gani kabla ya tiba, na macho yake yana umbo gani.

Vijana ndio wenye mengi ya kupoteza. Mtu wa miaka 25 ana takriban diopta 11. Zikishuka hadi 3, anaweza kusoma kwa sentimita 33 kwa kujikaza kwa nguvu yake yote tu, jambo ambalo hawezi kulidumisha. Kwa siku chache macho yake yanakuwa kama ya mtu wa zaidi ya miaka 50. Kundi hili lina watu wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao waliugua wakiwa watoto, na baadhi ya wenye retinopathi ya selimundu.

Watu wa miaka 35 hadi 45 wako ukingoni. Upungufu mdogo ambao kijana asingeuhisi unaweza kuwatosha kuhitaji miwani ya kusomea miaka kadhaa kabla ya wakati wao.

Wazee wanaotumia tayari miwani ya kusomea huhisi badiliko dogo au hawahisi kabisa. Aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia ya kawaida hana akomodesheni ya kupoteza.

Wenye kutoona mbali (myopia) huweza kuvua miwani yao na kusoma. Mwenye myopia ya diopta 3 husoma kwa sentimita 33 bila akomodesheni yoyote.

Wenye hipametropia ambao walikuwa wakiificha kasoro yao kwa kutumia akomodesheni hata kwa kutazama mbali ndio hupata taabu zaidi. Kwao ukungu huweza kuonekana mbali na karibu pia.

Kisukari chenyewe pia hupunguza akomodesheni mapema kuliko kawaida. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuja kwenye leza akiwa na akiba ndogo kuliko wenzake wa umri wake.

## Uchunguzi

Kipimo hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa huvaa miwani yake ya kuona mbali, hufunika jicho moja, na kadi yenye maandishi madogo husogezwa polepole kuelekea jicho lililo wazi mpaka maandishi yaanze kuwa na ukungu. Umbali huo hupimwa kwa rula. Nambari 100 ikigawanywa kwa umbali katika sentimita hutoa nguvu katika diopta: sentimita 10 ni diopta 10, sentimita 25 ni diopta 4, sentimita 50 ni diopta 2. Kisha jicho la pili hupimwa vivyo hivyo.

Kipimo kina maana zaidi kikifanywa kabla ya leza na kurudiwa baadaye. Bila namba ya kwanza ni vigumu kujua kama badiliko limeletwa na leza au lilikuwapo. Mgonjwa akiweza kusoma vizuri mara anapowekewa lenzi mbinuko mbele ya jicho, maana yake makula inafanya kazi na tatizo liko katika akomodesheni. Asipoweza hata kwa lenzi hiyo, sababu nyingine itafutwe.

Daktari huangalia pia mboni kabla ya kuweka matone yoyote. Mboni iliyopoteza neva zake huwa nyepesi kuitikia dawa: tone la pilokapini iliyozimuliwa sana, takriban asilimia 0.1, huibana ilhali mboni ya kawaida haiitikii kwa kiasi cha maana.

## Hali zinazofanana nayo

Si kila ukungu baada ya leza unatokana na neva za siliari. Sababu nyingine za kufikiriwa ni hizi:

- Matone ya kupanua mboni. Hupooza akomodesheni kwa makusudi. Athari ya tropikamidi huisha ndani ya saa chache, ya saiklopentoleti huchukua takriban siku moja, na ya atropini huweza kudumu wiki moja au mbili.
- Uvimbe wa makula. Leza ya panretina inaweza kuuongeza kwa muda. Hapa mbali na karibu kote hufifia, na mistari iliyonyooka huweza kuonekana imepinda.
- Damu ndani ya jicho. Mgonjwa huona madoa meusi, nyuzi au pazia linaloelea.
- Myopia ya muda. Baada ya michomo mingi koroidi huweza kuvimba na kuisukuma lenzi mbele. Uoni wa mbali ndio hupungua, na ule wa karibu huweza hata kuwa mzuri zaidi kwa siku chache.
- Mabadiliko ya sukari. Sukari iliyokuwa juu ikishushwa haraka, k.mf. mgonjwa anapoanza insulini, lenzi hubadilika na uoni wa karibu hufifia kwa wiki kadhaa. Jambo hili hutokea mara nyingi wakati uleule wa leza, kwa kuwa ndipo mgonjwa anapoanza kufuatiliwa kwa karibu.
- Presibiopia ya kawaida, ambayo ilikuwa inakuja yenyewe.

Kupungua kwa uoni wa pembeni na wa gizani ni athari nyingine ya leza ya panretina. Hiyo hutokana na sehemu za retina zilizochomwa, si na neva, na haitibiwi kwa miwani.

### Dalili za hatari

Dalili zifuatazo hazielezwi na upungufu wa akomodesheni peke yake, na humtaka mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo:

- maumivu makali ya jicho, wekundu, kichefuchefu na kuona duara za rangi kuzunguka taa, kwani shinikizo la jicho huenda limepanda
- miale ya ghafla, madoa mengi meusi au kivuli kinachofunika upande mmoja
- kope iliyoanguka na kuona vitu viwili viwili pamoja na mboni iliyopanuka, ambayo huweza kuwa dalili ya tatizo la neva ya tatu ndani ya kichwa.

## Matibabu

Hakuna dawa inayoharakisha kuota kwa neva. Katika wagonjwa wengi uwezo hurudi, wote au sehemu yake, katika wiki au miezi inayofuata. Kwa wachache upungufu hubaki daima.

Msaada mkuu ni miwani ya kusomea yenye lenzi mbinuko, kwa kawaida kati ya diopta +1 na +3 kulingana na umri na umbali wa kazi. Anayevaa miwani ya kuona mbali huweza kutumia lenzi yenye sehemu mbili, juu ya mbali na chini ya karibu. Kwa kuwa macho mawili huweza kuathirika tofauti, miwani ya bei nafuu inayouzwa madukani, ambayo lenzi zake zote mbili zina nguvu sawa, huwa ni msaada wa muda tu. Miwani ya kudumu ni vizuri isubiri mpaka awamu zote za leza ziishe na sukari itulie, vinginevyo nambari zake zitabadilika.

Mwenye mboni iliyopanuka hufaidika na kofia yenye ukingo na miwani ya jua. Mwanafunzi anaweza kuhitaji muda zaidi wa mtihani, maandishi makubwa au kukaa mahali penye mwanga wa kutosha, kwani mwanga mzuri hubana mboni na kupunguza ukungu.

### Insulini na uoni wa karibu

Kwa mgonjwa wa kisukari, kuona karibu si suala la kusoma tu. Bomba la sindano la insulini la mililita 1 lina uniti 100, na kwa kawaida kila mstari mdogo ni uniti 2. Anayekosea mistari michache anaweza kujidunga dozi kubwa kupita kiasi na sukari yake ikashuka hadi kuzimia, au dozi ndogo isiyotosha. Vilevile husoma namba za kipimo cha sukari na huchunguza miguu yake kuona kama ina vidonda. Kwa hiyo mgonjwa anayejidunga mwenyewe huhitaji kupata miwani ya muda mapema, au mtu wa nyumbani amsomee dozi, tangu siku ya kwanza ya leza, wakati matone nayo bado yanafanya kazi.

## Kuzuia

Hatari haiwezi kuondolewa kabisa, lakini inaweza kupunguzwa. Madaktari hutumia nguvu ndogo inayotosha kuacha alama hafifu, hugawa tiba katika awamu, huacha nafasi kati ya michomo, na hupunguza nguvu kwenye mstari wa mlalo wa jicho zinakopita neva ndefu. Mgonjwa kwa upande wake husaidia kwa kusema mara moja anapohisi maumivu makali.

Mashine za kisasa zinazopiga michomo mingi kwa mpangilio mmoja, zilizoanza kuenea baada ya mwaka 2005, hutumia takriban sekunde 0.02 kwa kila mchomo. Kwa muda huo mfupi joto halisambai mbali na maumivu hupungua. Lakini michomo hiyo ni midogo zaidi, hivyo idadi kubwa zaidi huhitajika ili kupata matokeo yaleyale.

Dawa za kudungwa ndani ya jicho, kama vile bevasizumabu na ranibizumabu, huzuia kemikali inayootesha mishipa mipya na hazigusi neva za siliari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa miaka 2 ranibizumabu haikuwa na matokeo mabaya kuliko leza ya panretina. Udhaifu wake ni kwamba athari ya dawa huisha na sindano lazima zirudiwe. Mgonjwa anayekatiza sindano huweza kurudi na hali mbaya zaidi kuliko yule aliyepata leza, ambayo athari yake hudumu. Kwa anayeishi mbali na hospitali, leza mara nyingi hubaki kuwa chaguo salama zaidi licha ya madhara yake.

## Katika Afrika ya Mashariki

Leza ya retina hupatikana hasa katika hospitali za rufaa na vituo vichache vya macho vya miji mikubwa. Mkoani Kilimanjaro hospitali ya KCMC ya mjini Moshi imeendesha mpango wa kupima retina za watu wenye kisukari ili watambuliwe kabla ya kupoteza uoni. Mgonjwa anayetoka wilayani hulazimika kusafiri kwa kila awamu, na huweza kukaa wiki kadhaa nyumbani bila kumwona daktari wa macho.

Katika muda huo ndipo upungufu wa kuona karibu hujitokeza, na hakuna wa kuueleza. Fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi au mwalimu anayeshindwa kusahihisha madaftari ana sababu ya kuamini kwamba tiba ndiyo iliyomletea tatizo, na kweli ndivyo ilivyo. Asichokijua ni kwamba tatizo hili husaidiwa na miwani, ilhali retina iliyobanduka kwa kukosa leza mara nyingi hairudishi uoni wake wote. Tena retinopathi kwa kawaida haiumi wala haipunguzi uoni katika hatua zake za mwanzo, kwa hiyo mgonjwa hulinganisha madhara anayoyaona na faida asiyoiona. Maelezo machache kabla ya awamu ya kwanza, yakitolewa kwa lugha anayoielewa yeye na ndugu anayemsindikiza, humwezesha kutambua kinachotokea na kurudi kumalizia tiba.

## Tazama pia

- Jicho
- Retina
- Leza
- Kisukari
- Insulini
- Miwani
- Mtoto wa jicho
- Selimundu